Kabla ya Kusema ni Uzee, Muulizeni Ndugu Yake

Mzee aliyepita miaka 70 akilazwa kwa homa ya mapafu, na usiku wa pili akaanza kumwita mkewe aliyekwisha kufariki, kuchomoa mpira wa dripu na kudai kwamba ng'ombe wameingia shambani, hapa Dodoma hatakosa kupewa mojawapo ya maelezo matatu. Wodini watasema ni uzee. Nyumbani watanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Na hakosekani wa kutania kwamba apelekwe Mirembe, kwa kuwa hospitali hiyo ya afya ya akili tunayo mjini kwetu na jina lake tumelizoea mno midomoni. Kasoro ya maelezo yote matatu ni kwamba hakuna hata moja linalomtuma mtu akampime mgonjwa sukari.

Hali hiyo kitaalamu huitwa deliriamu, nayo ni kuvurugika kwa ghafla kwa kazi ya ubongo kutokana na maradhi ya mwili, dawa, upasuaji au kuacha pombe ghafla. Huanza ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka katika siku moja, na mgonjwa hushindwa kutuliza fikra zake kwenye jambo analoulizwa. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja kwa miezi na miaka, ingawa aliye nao ndiye anayepatwa na deliriamu kwa urahisi zaidi. Kwa sababu ya kupanda na kushuka huko, daktari anayepita asubuhi anaweza kumkuta mgonjwa akiitikia salamu vizuri kabisa, ilhali usiku mzima alikuwa akiweweseka.

Kipo kipimo kifupi kinachotumika katika nchi nyingi, kiitwacho 4AT, ambacho hakihitaji mashine. Mgonjwa hutazamwa kama yuko macho sawasawa, huulizwa umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, kisha hutakiwa kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Nakiheshimu kipimo hicho, lakini wazee wetu wengi wa Bahi na Chamwino hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, wengine hawakusoma, na wapo ambao wakizidiwa hurudi kwenye lugha yao ya Kigogo, ambayo muuguzi aliyetoka Kagera au Mtwara anaweza kuidhani kuwa ni maneno yasiyo na maana. Kinachobaki imara ni sehemu ya nne: je, mgonjwa amebadilika ghafla, au hali yake inapanda na kushuka? Jibu la ndiyo peke yake lina alama 4, na alama 4 zinatosha kushuku deliriamu. Mwenye jibu hilo ni binti yake au mjukuu aliyekuja naye.

Naye ndiye tunayemtoa nje. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha, mlinzi huwafukuza wote, na mtu pekee anayejua kwamba juzi mzee huyu alikuwa akihesabu mbuzi wake bila kukosea anakwenda kulala nje ya uzio. Najua sababu zinazotolewa: wodi zimejaa, maambukizi yanahofiwa, na ndugu kumi kitandani ni kero kweli. Lakini katika wodi ya watoto mama hubaki na mwanawe na hakuna anayeshangaa. Kwa mgonjwa mzee aliyebadilika ghafla, ningependa ndugu mmoja aruhusiwe kubaki, hasa usiku.

Ndugu huyo ni wa lazima zaidi kwa mgonjwa aliyenyamaza. Anayepiga kelele huonwa na kila mtu. Anayelala kutwa, asiyegusa uji wake na anayejibu kwa kuchelewa husifiwa kuwa mtulivu, kumbe ana deliriamu ileile, na mara nyingi ndiye asiyegunduliwa.

Deliriamu ikishukiwa, hutafutwa chanzo. Sukari na oksijeni hupimwa papo hapo, malaria pia, hata kama Dodoma si nyingi kama Kanda ya Ziwa. Kisha hutazamwa maambukizi, upungufu wa maji na chumvi za mwilini, maumivu, choo kigumu na kibofu kilichojaa mkojo usiotoka. Dawa zote zipitiwe upya, kwa sababu promethazini (ya mzio na kichefuchefu), amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva) na hata dawa za mafua zinaweza kuchochea hali hii. Diazepamu ya kumlalisha mara nyingi humzidishia, isipokuwa pale chanzo kinapokuwa kuacha pombe ghafla. Kumfunga kwa bandeji kitandani huongeza hofu na fujo, na haloperidoli kidogo, dawa ya kutuliza fujo za akili, ni kwa yule tu anayehatarisha maisha yake au ya wengine na ameshindikana kutulizwa kwa maneno.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka New Haven, Marekani, kwa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi, ulionyesha kwamba kumkumbusha mgonjwa siku na mahali, kumpa miwani yake, kumnywesha maji, kumtembeza na kumwacha alale usiku kulipunguza deliriamu kutoka asilimia 15 hadi 9.9. Karibu yote hayo ndugu aliyeelekezwa vizuri anaweza kuyafanya, na kwa Kigogo.

Siku ya kuruhusiwa, ndugu huyo aelezwe pia kwamba mkanganyiko unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa nyumbani, na kwamba ukizidi ghafla amrudishe mzee hospitali siku hiyohiyo.