Kumbe kutaja shimo ni kulichimba?

Juzi kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kilianza mzunguko mpya. Desemba tulivunja, kila mtu akabeba chake, kikaishia kwenye sikukuu kwa wengi wetu, na sasa tumerudi kwenye viti vya plastiki kununua hisa. Mwenyekiti akataka kila mmoja ataje lengo lake la mwaka. Watu wakataja: bodaboda, friji ya kuuzia juisi, kumalizia choo. Zamu ikafika kwa binti mmoja fundi cherehani. Anataka kupaua nyumba yake kule Chanika, pembezoni mwa Dar. Angeishia hapo tungempigia makofi, lakini akaendelea. Akasema mwanawe anaingia kidato cha kwanza, masika wateja wake hupungua, mama yake ana presha, kwa hiyo kuna miezi hatanunua bati hata moja, na ameshajua ni ipi.

"Kataa!" mama mmoja akadakia. "Futa hayo maneno, mwanangu. Usijitamkie mabaya." Amina zikamiminika. Binti akakunja karatasi yake, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, nitapaua kwa jina la Yesu." Hapo sasa ndipo makofi yakaja.

Nilikuwa nimekaa naye ubavuni, ile karatasi niliiona. Ilikuwa imechorwa safu mbili kwa peni. Upande mmoja "ikitokea", upande wa pili "nafanya". Ikitokea mama amezidiwa: nauza mbao za kenchi zilizobaki, sigusi pesa ya bati. Ikitokea masika imekaza: hisa moja tu kwa wiki, nashona mapazia. Ikitokea shuleni wameongeza michango: naongea na mwalimu nilipe kidogo kidogo. (Ndiyo, ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa tangu 2016. Sare, viatu, godoro na michango havikufutwa, kama una mtoto unajua.) Mle ndani ya ile karatasi kulikuwa na imani nyingi kuliko Amina zote tulizopiga siku hiyo, maana mtu asiyeamini kwamba atapaua hahangaiki kuilinda pesa ya bati.

Najua andiko wanalolishika. "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi." Mithali 18:21, hata mimi nalijua kwa kichwa. Ila wanalitumia kana kwamba presha ya mama wa watu ilikuwa imelala, ikaamshwa na kutajwa. Na hao hao waliokemea wameweka hela zao kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu, kwa watu watatu wanaokaa mitaa tofauti. Mbona siku tunanunua zile kufuli hakuna aliyesimama kusema tunajitabiria mwizi? Mbona mfuko wa jamii tunauchangia kila wiki, na unajulikana ni wa misiba na wagonjwa? Kwenye pesa ya kikundi sote tuna akili timamu. Mtu akitumia akili hiyo hiyo kwa nyumba yake, anakemewa.

Halafu kila Januari tunahubiriwa Nehemia, yule aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu. Inuka ujenge! Mabango yanachapwa, fulana zinachapwa. Naomba safari hii tusome na zile aya zinazorukwa. Mfalme wa Uajemi anamuuliza haja yake ni nini, naye anamwomba Mungu wa mbinguni pale pale, kisha anataja muda atakaotumia, anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto wamruhusu kupita, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango. Mtu ametoka kwenye maombi anaomba vibali na mbao! Anafika Yerusalemu, hatangazi kitu. Anatoka usiku na watu wachache kukagua kuta zilipobomoka, tena hajamwambia mtu Mungu amemtia nini moyoni. Sanbalati na Tobia, wapinzani wake, wanapoanza vitisho, sura ya nne inasema walimwomba Mungu na kuweka walinzi mchana na usiku. Vyote viwili, katika aya moja. Nusu ya watumishi walifanya kazi, nusu walishika mikuki. Waliobeba mizigo, mkono mmoja kazini, mwingine kwenye silaha. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Nadhani Nehemia angekuwa mwanachama wetu, akasimama kusema "ndugu, kuna hatari tushambuliwe usiku," yule mama angemwambia afute.

Na Luka 14 je, yule anayetaka kujenga mnara, aketi kwanza ahesabu gharama, wasije watu wakamcheka kwamba alianza akashindwa kumaliza? Panda daladala ya Chanika ukae dirishani. Mapagale yamepangana, mengine yamefika usawa wa renta yakaachwa, mpapai umeota pale ambapo ingekuwa sebule. Sisemi wenye hayo mapagale walikosa imani. Wengi walianza kwa maombi, na mchungaji alikuja kuweka mafuta kwenye msingi. Kilichowakwamisha ni msiba, ugonjwa, kazi kuisha, mambo ambayo kila mtu mzima nchi hii anajua yanakuja ila tunakatazana kuyataja.

Waislamu wa mtaani kwetu hapa wametuzidi, nasema ukweli. Hija ni ibada, lakini imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na uwezo huo unahesabiwa: madeni umelipa? unaowaacha nyumbani watakula nini mpaka urudi? Bibi mmoja jirani, muuza maandazi, alikusanya miaka na miaka. Nilimuuliza siku moja, mjukuu akiugua itakuwaje? Akanionyesha banda. "Kuku ndio hospitali yetu. Ya Hija haiguswi." Akaenda, akarudi. Kuku waliisha wote, kweli, na wala hakusikitika. Hakuna aliyemwambia kufuga kuku wa dharura ni kumkosea Mungu adabu. Wao wanalo la yule mtu aliyemuuliza Mtume amfunge ngamia au amwache na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge na atawakali.

Wasomi nao wamefika huko huko kwa njia ndefu. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, ameonyesha kwa tafiti zake kwamba watu wanaobaki kuota mafanikio tu mara nyingi hujitahidi kidogo kuliko wanaotazama na kikwazo pia. Na wale wanaoweka kwenye status maneno ya Kipchoge kwamba binadamu hana mpaka, wakumbuke siku ile Vienna mwaka 2019, alipokimbia marathoni chini ya saa mbili, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kupokezana kumkata upepo.

Haya, nikubali kidogo, roho ikiniuma. Wapo wapangaji ambao hawaanzi kamwe. Wana daftari, wana hesabu, bei ya saruji wanaijua ya kila duka, na kiwanja kimeota majani mpaka wavamizi wamejenga. Mtu wa namna hiyo anahitaji kelele ya mkesha imsukume. Na yule mama aliyedakia si mtu mbaya. Binti akifiwa leo, yeye ndiye atakayelala matangani wa kwanza. Lakini kulala matangani na kumruhusu mtu ajiandae, vyote anaviweza.

Wachungaji, nina ombi moja, na mwaka bado mchanga. Mkesha wenu wa mwaka mpya huanza saa tatu usiku. Safari ijayo tupeni dakika kumi tu kabla ya ile saa sita ya kupiga mavuvuzela. Gaweni karatasi na peni. Kila mtu aandike lengo lake, kitu kimoja kinachoweza kulikwamisha, na atafanya nini kikitokea. Kisha mziombee hizo karatasi, kwa sauti yoyote mtakayo. Spika si zipo.