Rivolva au Bastola ya Magazini: Ipi Ikae Nyumbani?

Ushauri unaorudiwa sana ni kwamba asiye na muda wa mazoezi anunue rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na risasi ndani yake, maana haina mambo mengi. Ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki inaponza watu.

Risasi ikigoma, mwenye rivolva huvuta kifyatulio tena. Silinda inazunguka na risasi nyingine inakaa mahali pake. Bastola ya magazini, ambayo risasi zake hukaa kwenye kisanduku kinachoingia ndani ya mpini, haisamehe hivyo. Ukiishika kwa kifundo cha mkono kilicholegea, slaidi, yaani sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, huenda isirudi nyuma kikamilifu, na ganda tupu likabanwa kwenye mlango wa kutokea maganda likiwa limesimama wima. Hapo piga kitako cha magazini, vuta slaidi mpaka mwisho, iachie irudi yenyewe. Asiyezoea kufanya hivyo mchana hataweza usiku akitetemeka.

Lakini tazama kidole. Kifyatulio cha rivolva, nyundo ikiwa chini, mara nyingi hudai mvuto wa kama kilo 5. Cha bastola nyingi za magazini za milimita 9 (kipenyo cha risasi) ni karibu nusu yake. Kidole kikihangaika na uzito huo, mtutu unakwenda kando. Rivolva ndogo nyepesi nayo hupiga teke kali, mpaka mpigaji anaanza kufumba macho kabla ya mlio. Risasi zake mara nyingi ni 5 au 6 tu. Iliyo rahisi kueleweka ndiyo ngumu kulenga, na anayeumia zaidi ni yule yule asiyefanya mazoezi.

Ningechagua milimita 9 ya ukubwa wa kati, kwa sharti la mazoezi ya kufyatua bila risasi, dakika 10 mara 3 kwa wiki. Toa magazini, fungua chemba, yaani tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, itazame kisha iguse kwa kidole; risasi zote zibaki chumba kingine. Elekeza kwenye ukuta unaoweza kuzuia risasi, maana risasi hupenya kuta nyepesi za ndani. Weka sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele. Ikianguka unapofyatua, umevuta silaha nzima.

Upande wa pili ni mzito. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu milioni 26, ulikuta wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara 8 zaidi ya wasio nazo; wanawake mara 35. Sefu ya kufungua haraka huzuia mtoto, haimzuii mwenye namba yake ya siri. Kama mmoja wa wanaoijua namba amekata tamaa ya maisha, bastola itoke nyumbani leo, ya aina yoyote iwayo.