Simba Achinjwe Usiku

Kosa langu lilikuwa ukarimu. Wakili wa Serikali alikuja na kompyuta ya kuchezea kielelezo cha sauti, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa inanong'ona kama mgonjwa anayeomba uji. Walikuwa wanaijaribu kwa wimbo wa kwaya, maana kielelezo kilikuwa bado hakijapokelewa. Hakimu akatega sikio, hola. Karani akainama hadi kwenye kioo, hola. Nikasimama.

"Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, upande wa utetezi una spika kwenye gari."

Si yule Spika wa Dodoma. Ni ile ya Bluetooth, inayozunguka kwenye sendofu na vikao vya harusi vya ukoo wetu mzima. Nikaileta, ikaunganishwa na kompyuta, kwaya ikanguruma mpaka mahabusu wakatikisa vichwa. Dada msomi wa upande wa pili akanishukuru. Nikarudi kwenye kiti changu nikijiona mtu wa maana.

Na kweli nilikuwa najiona. Tangu kanuni za kusajili kesi kwa mtandao zitoke 2018, mimi ndiye niliyekuwa nawasaidia wazee wa ofisi kupandisha nyaraka. Wao wanabeba vitabu vya sheria kwapani, mimi nina TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwenye simu. Februari 2021, yule wakili wa Texas alipotokea mbele ya jaji kwa video akiwa na sura ya paka, akalazimika kusema yeye si paka, nilicheka hadi nikashika ukuta. Nilimwona mshamba.

Turudi kwenye kesi. Mbuzi wawili. Mteja wangu, kijana wa bodaboda, alidaiwa kumtumia mwenzake ujumbe wa sauti kwa WhatsApp kwamba mzigo upo, auchukue usiku. Usidharau mbuzi wawili. Wizi wa mifugo chini ya vifungu vya 265 na 268 vya Kanuni ya Adhabu unaweza kumweka mtu ndani hadi miaka 15. Mama yake alikuwa benchi la mbele, khanga moja begani, nyingine ya kufutia machozi.

Mpelelezi akaomba ile sauti ipokelewe. Hapo ndipo nilipokuwa napangoja. Silaha yangu ilikuwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kifungu hicho hakikatai ushahidi kwa sababu tu umetoka kwenye simu. Kinachodai ni maswali: ujumbe ulitengenezwaje na kuhifadhiwaje, kuna uhakika gani kwamba haukuguswa, na, hiki ndicho nilichokipenda zaidi, aliyeuanzisha alitambuliwa kwa njia gani?

"Mheshimiwa," nikaanza, nikiipandisha sauti kidogo kwa ajili ya mama mwenye khanga, "nani humu ndani anaweza kusimama akaapa kwamba sauti ya kwenye simu ni ya fulani? Mahakama ya Rufani imeonya mara nyingi kwamba utambuzi wa sauti ni ushahidi dhaifu sana. Simu hubana pua za watu! Sauti ya mtu kwenye simu mkewe mwenyewe anaweza asiijue!"

Ilikuwa inapendeza. Karani aliacha kuchapa. Nikatoa simu nimsomee Mheshimiwa kifungu neno kwa neno. Nikaiwasha, dole gumba likatua mahali.

Wakati huo kompyuta ya Serikali ilikuwa imeshasinzia kwa kungoja. Spika ikajikuta mjane, ikarudi kwa mume wa kwanza, na wala sikujua.

Sauti nzito ya kiume ikalipuka: "Sikiliza. Yule mbuzi mfiche nyuma ya stoo. Watoto wa jirani wakiuliza, sema hujui."

Dada msomi akaruka kuelekea kwenye kompyuta yake. Mteja wangu akapiga kelele kizimbani, "Mheshimiwa, huyo si mimi!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga meza.

"Napinga! Mheshimiwa, kielelezo kinasikilizwa kabla hakijapokelewa! Hii ni hila ya upande wa mashtaka! Naomba sauti hii ifutwe kwenye kumbukumbu!"

Wallahi sikuwa nimejitambua. Sauti ya mtu ikimtoka mwenyewe ni nyingine, ikirudi kutoka nje ni nyingine. Niliposikia lile jitu likiongea nilimwona kabisa ni mwizi wa mifugo, tena mzoefu.

Jitu likaendelea: "Simba achinjwe usiku, watoto wakishalala. Na kisu nimeshakinoa, mama Neema."

Mama Neema ni mke wangu.

Mama wa mshtakiwa akashusha khanga. "Ee! Si wakili huyo?" Benchi lote likaitikia: ndiye. Askari magereza akasema ndiye. Ushahidi dhaifu sana, na mahakama nzima imeutoa bila kuapishwa.

Niwaeleze basi. Mama mkwe alikuwa anakuja na wageni, nikanunua beberu. Watoto wakampenda, wakampa jina Simba, makusudi, kwa sababu baba yao ni Yanga damu. Nikaona mambo mawili yatamalizika kwa kisu kimoja. Hayo ndiyo niliyomweleza mke wangu asubuhi ile. Lakini utayaelezaje mbele ya hakimu ambaye kikombe chake cha chai, mezani pale pale, ni chekundu na kimechorwa mnyama mwenye manyoya shingoni?

Akaweka kalamu chini taratibu. "Wakili, unaitambua sauti hiyo?"

Nikawaza. Nikisema ndiyo, pingamizi langu limekufa kifo cha Simba. Nikisema hapana, nimeidanganya mahakama. Yule Mmarekani angalau aliweza kusema kwamba yeye si paka.

"Mheshimiwa, kwa heshima kubwa… naomba ahirisho fupi."

"Nimekupa. Ukirudi, uache simu nje."

Uamuzi ulisomwa wiki mbili baadaye. Pingamizi lilikubaliwa, kwa sababu mpelelezi alishindwa kueleza ile simu ilikaa mikononi mwa nani tangu ilipokamatwa. Kuhusu hoja yangu ya utambuzi wa sauti, hakimu aliandika mstari mmoja, kwamba haoni haja ya kuijadili. Alipoufikia alininyanyulia macho juu ya miwani, akanywa chai.

Dada msomi alinirudishia spika mlangoni. "Kaka msomi, na mbuzi je?"

Mbuzi yupo. Nilipofika nyumbani siku ile nilikuta watoto wamejipanga mlangoni kwa stoo, wamembana Simba katikati, hakuna anayenisalimia. Mke wangu alikuwa ameusikiliza ujumbe wangu jikoni kwa sauti ya juu huku akikuna nazi, nao wako nyuma yake.

Mama mkwe alikula kuku.