Mchumi mwanamageuzi: akae Hazina au akae nje?

Kijana anapohitimu uchumi na moyo wake uko kwenye mageuzi ya utawala, njia hugawanyika mapema. Aingie serikalini, au aende Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na taasisi za utafiti, asukume mabadiliko kutoka huko?

Wanaomshauri akae nje wana hoja nzito. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, aliacha uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF. Kenya, John Githongo aliteuliwa mwaka 2003 kusimamia utawala bora na maadili Ikulu; akachimba mikataba ya Anglo Leasing, kashfa ya zabuni za serikali zilizopewa kampuni hewa, na mwaka 2005 akajiuzulu akiwa Uingereza. Aliye ndani hukwama pale anapomgusa aliyemteua au wenzake.

Lakini aliye nje haishi na matokeo ya ushauri wake. Nchi nyingi zilipofuata programu za marekebisho ya uchumi za IMF na Benki ya Dunia miaka ya 1980, wazazi na wagonjwa walianza kuchangia gharama shuleni na hospitalini. Walioandika masharti hawakupanga foleni kwenye dirisha la malipo.

Mfano unaonivuta zaidi ni wa Uganda. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Benki ya Dunia walilinganisha vitabu vya hesabu vya serikali kuu na vya shule za msingi zenyewe. Kwa kipindi cha 1991 hadi 1995, shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi yasiyo ya mishahara. Hazina ilikuwa imetoa fedha. Nyingi ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza kila mgawo magazetini, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea, mzazi akisome. Kufikia 2001 wastani ulipita asilimia 80. Wapo wanaosema sifa hizo zimekuzwa, kwa kuwa mageuzi mengine ya fedha yalikuwa yakiendelea wakati huohuo. Wana haki. Hata hivyo, takwimu za Benki ya Dunia zingebaki kabatini kama Wizara ya Fedha, chini ya katibu mkuu Emmanuel Tumusiime-Mutebile, isingekubali aibu hiyo itoke hadharani.

Kwa hiyo namshauri kijana aanzie wizarani, kwenye meza ya bajeti, mpaka ajue fedha hukwamia wapi na kwa saini ya nani. Ngozi Okonjo-Iweala alipitia njia ya pili: alitoka Benki ya Dunia akawa waziri wa fedha wa Nigeria mwaka 2003, na mwaka 2005 nchi ikasamehewa deni la dola bilioni 18 na Klabu ya Paris, kundi la nchi tajiri zinazokopesha. Alifanikiwa akiwa na rais nyuma yake. Mwaka 2006 alihamishiwa mambo ya nje, akajiuzulu baada ya muda mfupi. Anayeingia kwa mlango wa juu humtegemea aliyemfungulia. Wahasibu na maofisa bajeti wa chini hubaki pale mawaziri wakibadilika.