Nilinunua Kinanda, Mjomba Akaona Balozi

Mjomba alikigeuza juu chini mara tatu, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi, kisha akaniuliza: "Mjomba, spika iko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Fedha zilikuwa zake, shilingi 250,000 za mnada wa kwanza wa korosho, na nilimwahidi kinanda kitakachozunguka kwenye sherehe mpaka mtaji urudi. Sasa kilichoshuka kwenye basi la Dar pale stendi ya Mkanaledi, Mtwara, kilikuwa kiboksi ambacho konda alikishika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na soda.

"Hakina spika, mjomba. Hiki hakitoi sauti, kinatoa taarifa. Ukibonyeza, kinaiambia simu kitufe gani kimebonyezwa na kwa nguvu kiasi gani, mwisho 127. Simu ndiyo inayoimba. Lugha yenyewe inaitwa MIDI, Wajapani na Wamarekani wanaelewana kwayo tangu 1983."

Mjomba akafikiri kidogo. "Kwa hiyo fedha zangu umenunulia balozi wa nyumba kumi."

Aliposhika mwenyewe ndio ikawa balaa zaidi. Mjomba amebangua korosho maisha yake yote. Kidole chake kimoja kilibonyeza vitufe vitatu, na nina hakika vyote vilipeleka 127.

Msinione sikuchagua. Nilichagua wiki tatu nzima. Roho ilitaka vitufe 49, lakini kazi zangu nyingi ziko Msangamkuu, ng'ambo ya maji, na kwenye kivuko unabanana na pikipiki, magunia na mbuzi wa watu. Kinanda kirefu pale utakilipia nauli kama mgonjwa kwenye machela. Nikaangukia cha vitufe 25, yaani okteva mbili, za vitufe 12 kila moja, na kimoja cha nyongeza, pamoja na vipedi vinane vya kugongea biti. Ukitaka sauti za juu au za chini zaidi kuna vibonye viwili pembeni, vinahamisha ubao wote. Kinaingia kwenye begi la shule. Chenye Bluetooth kilizidi bei, nikasema cha waya kinatosha, tena hakina hata betri, kinakula umeme wa simu. Hapo niliona ni sifa.

Muuzaji wa Kariakoo alijitahidi, sitamsema vibaya. Aliniuliza kwenye simu: "Kaka, simu yako ina matundu mangapi?" Nikacheka. Matundu? Kwani filimbi? Akaniambia basi niongeze adapta ya kugawa tundu, waya wa kinanda, wa spika na wa chaji vyote viingie. Nikamwona huyu anataka kunikamua. Nikamwambia simu yangu ni ya kisasa.

Na kweli ilikuwa ya kisasa. Zile za zamani zina tundu la chaji na tundu la spika za masikioni. Ya kisasa ina moja.

Niliyagundua hayo Msangamkuu, mbele ya watu, siku mtoto wa dada anatoka jandoni. Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi kwa spika ya simu yenyewe, kila kitu sawasawa. Pale uwanjani nimeshachomeka kinanda, nimeshika waya wa lile spika kubwa, naizungusha simu natafuta pa kuuingiza kama mtu aliyepoteza mlango wa nyumba yake. Kijana mmoja akanionea huruma: "Si uunge Bluetooth tu, kaka." Nikaunga. Nikabonyeza kitufe kimoja, spika ikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Nikavimba.

Fundi wa ngoma alikuwa ameshaota moto wa nyasi kavu na chinganga yake, ngozi imekaza, kazi ya dakika mbili, bila adapta. Akaanzisha sindimba, ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno. Nami nikaingia.

Sauti haikuingia. Ikaja baadaye, kama robo sekunde hivi. Kumbe kwenye Bluetooth sauti inafungashwa kwanza, inasafirishwa, inafunguliwa upande wa pili, ndipo ilie. Robo sekunde si kitu ukiwa unasubiri chai. Kwenye sindimba ni kiuno kizima.

Nikajaribu kuwahi ili sauti ifike kwa wakati. Wapigaji, kwa adabu zao, wakajaribu kunisubiri. Nikaona wanasubiri, nami nikawasubiri. Mdundo ukapoa kama uji. Wachezaji wakabaki viuno viko juu, havijui vishuke lini. Yule fundi akainama sikioni kwangu: "Kijana, mkono wako umefika, sauti yako bado iko kwenye kivuko."

Jasho likanitoka, dole gumba likateleza kwenye vile vibonye vya pembeni, mara mbili, na ubao wote ukashuka okteva mbili chini. Spika ikatoa mngurumo mmoja mrefu. Mtoto akapiga kelele, "Meli!" na nakuambia watu wazima, wenye akili zao, waligeuka kutazama bandarini, maana msimu wa korosho meli kweli zinaingia.

Kinanda nacho kilikuwa kinaendelea kula. Simu niliyokuja nayo na asilimia 30 ikazima kimya kimya. Hakuna sauti, hakuna taarifa, balozi kabaki na nyumba zilizohamwa.

Aibu ikanizuia kuinua mikono. Nikaendelea kubonyeza vitufe vilivyokufa, macho nimeyafumba nusu, kichwa nakitikisa kama mtaalamu. Fundi akahema, akakaza chinganga, wenzake wakaungana naye, mdundo ukarudi mahali pake, viuno vikashuka, vikapanda, vumbi likatimka. Mama mdogo mmoja akatoka katikati ya wachezaji akicheza mpaka mbele yangu, akanibandika noti ya 2,000 kwenye paji la uso.

"Haya," akasema, "sasa ndiyo umeanza kupiga!"

Noti haijakauka jasho, mkono wenye vidole vinene ukapita juu ya bega langu ukaibandua.

"Rejesho la kwanza," mjomba akasema, akaitia mfukoni. "Endelea, mjomba, usiache."