Msaada wa maafa unaomjali mwenye hati kuliko aliyelala ndani

Kila kimbunga kinapopiga Marekani, lazima atokee mtu wa kusema kwamba maafa hayachagui tajiri wala maskini. Kwa upepo na maji, sawa. Kinachofuata baada ya maji kupungua ndicho kinachochagua, tena bila haya. Nyumba ni yako? Wewe ni raia? Mwenye kujibu hapana mara mbili atajikuta anahangaika peke yake, ingawa godoro lake lililowa maji yaleyale yaliyolowesha la jirani.

Tuanze na wapangaji. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, jimbo la Louisiana liliendesha mpango wa Road Home kwa mabilioni ya dola za serikali kuu, kwa ajili ya wenye nyumba. Fungu lililohusu nyumba za kupangisha nalo lilipitia mikononi mwa wamiliki, kwa matumaini kwamba wakishakarabati, wapangaji watarudi. Wakati huohuo, Desemba 2007, baraza la jiji la New Orleans liliidhinisha kubomolewa kwa nyumba za umma zipatazo 4,500, walizopangishwa watu wa kipato cha chini, huku wakazi wake wakipinga na kusema majengo yao yangeweza kukarabatiwa. Mtu aliyekimbilia Houston, Texas, na mfuko mmoja wa nguo alikuwa arudi wapi?

Ndivyo mfumo ulivyo hadi leo. FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, humpa mwenye nyumba fedha za kutengeneza alipoharibikiwa. Mpangaji hupewa fedha za pango la muda na za kufidia vitu vyake. Kwenye karatasi inaeleweka, maana mpangaji hana paa la kutengeneza. Lakini fedha za pango zinahitaji nyumba ya kupanga, na maafa huanza kwa kuzila nyumba hizo. Huko Lahaina, Hawaii, moto wa Agosti 2023 uliua watu zaidi ya 100 na kuteketeza majengo zaidi ya 2,000. Kodi za nyumba kisiwani Maui zikapanda. FEMA yenyewe ikawa inakodi nyumba za kuwahifadhi waathirika kwa bei ya juu mno, kiasi kwamba baadhi ya wenye nyumba waliwatoa wapangaji wao ili waingie kwenye mpango huo. Msaada ukawa unazalisha watu wengine wasio na makazi, na hilo lilitokea jimbo likiwa limeshatoa amri ya dharura ya kuzuia kufukuza wapangaji na kupandisha kodi.

Texas nako kuna sheria inayonikera kila nikiifikiria. Nyumba ya kupanga ikiharibika yote isikalike, mpangaji anaweza kuvunja mkataba. Ikiharibika sehemu tu, punguzo la kodi hupatikana kwa hukumu ya mahakama, isipokuwa mkataba useme vingine. Baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017, wapo waliodaiwa kodi ya nyumba zilizokuwa bado zinanuka ukungu. Nani aliyetoka kupoteza kazi na gari ana nafasi ya kwenda kumshtaki mwenye nyumba?

Na bima? Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Ya mafuriko inauzwa peke yake, na kwenye mpango wa serikali kwa kawaida inasubiri siku 30 kabla ya kuanza kufanya kazi. Kwa hiyo huwezi kuinunua ukishaona kimbunga kwenye televisheni.

Mhamiaji ana mzigo huo wote, kisha anaongezewa wa karatasi. Fedha za FEMA ni za raia na wahamiaji wa makundi maalumu, kama wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Mwenye viza ya kazi au ya masomo hayumo. Mwenye TPS, yaani ulinzi wa muda kwa watu ambao nchi zao zina vita au maafa, naye hayumo, hata kama amekatwa kodi ya mapato kwa miaka mingi. Mzazi asiye na vibali anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliye raia, ila fomu anayosaini inaeleza kwamba taarifa zake zinaweza kushirikishwa ndani ya wizara ya usalama wa ndani. FEMA iko chini ya wizara hiyo. ICE, wanaokamata na kurudisha watu makwao, nao wako humo humo. Watu wanawalaumu wahamiaji kwa "kutojitokeza". Mimi ningeshangaa wangejitokeza.

Hofu hiyo inawagusa hata wasiohusika. Mkimbizi kutoka Kongo ana haki ya kuomba fedha hizo, lakini akisikia jirani anasema wageni hawapewi, anakaa kimya hadi siku 60 za kawaida za kuomba zinaisha.

Jambo linalonifanya nisiamini kwamba karatasi ni kanuni isiyopindika ni hili. Septemba 2005, siku chache baada ya Katrina, wizara hiyohiyo ya usalama wa ndani ilitangaza kwamba kwa siku 45 haitawaadhibu waajiri watakaoajiri watu waliokosa vitambulisho. Siku hizohizo Rais Bush alisimamisha kwa muda sheria ya kima cha mshahara katika kazi za ujenzi za serikali kwenye maeneo yaliyoathirika. Waliopoteza nyaraka kwenye maji walinufaika, sikatai. Lakini New Orleans ilisafishwa na kuezekwa upya kwa mikono ya wahamiaji wengi wa Amerika ya Kati na Mexico, na baadhi yao walidhulumiwa ujira. Palipohitajika nguvu za watu, kitambulisho kiliweza kusubiri. Kwenye dirisha la msaada hakikuweza.

Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba haiwezekani kumsaidia asiye na vibali, namkumbusha Queens, sehemu ya jiji la New York. Septemba 1, 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalimwaga mvua New York, na watu 11 kati ya 13 waliokufa jijini walikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, ambako wapangaji wengi ni wahamiaji. Mwezi huohuo, jimbo na jiji vilitenga dola milioni 27 kwa ajili ya walionyimwa msaada wa FEMA kwa sababu ya hadhi yao ya uhamiaji, na maombi yakapitia mashirika ya jamii ambayo watu walikuwa wanayafahamu. Fedha hizo hazikutoka FEMA, na Congress haikubadilisha sheria hata mstari mmoja. Gavana na meya walikaa, wakakubaliana, wakatangaza.