Na Bwana Harusi Je, Kaambiwa Nini?

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binamu yangu. Ukafika wakati wa nasaha, mama mmoja akamshika bibi harusi mkono: "Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Vumilia." Vigelegele ukumbi mzima. Bwana harusi kakaa meza ya mbele, anaperuzi simu.

Mimi nafundisha Kiswahili, kwa hiyo vitenzi ndio ugonjwa wangu. Sentensi ya kwanza ina -ana, maana yake wahusika ni wawili. Ya pili -ana haipo tena. Hapo kwenye nukta ndipo mume alipoponyoka!

Na si harusini tu. Maji yakikatika wiki nzima, "tunaomba uvumilivu wenu". Kila 16 Novemba, siku ya kuvumiliana duniani, tunahubiriwa mambo ya dini na vyama, na anayekaziwa macho ni yule yule aliyekanyagwa. Jamani, kinachovumiliwa ni jino bovu, njaa, foleni ya Ubungo. Jirani yangu si jino.

Najua, mvumilivu hula mbivu. Haya, kwa embe nakubali. Na ndoa isiyo na uvumilivu kabisa haifiki hata mfungo wa kwanza, hilo nalo nakubali, shingo upande. Wengine watasema tutumie "kustahamili". Mzizi wake ni ule ule wa hamali: wewe umebeba gunia, mwenzako anapunga mikono.

Neno ninalolitaka tumeliacha kanisani: kuchukuliana. Limo Waefeso 4:2, ubavuni mwa uvumilivu wenyewe. Jaribu kuchukuliana peke yako uone.

Tulikulia nyumba ya kupanga, Tanga. Krismasi ikikaribia, mama alinipa kuku wawili na kisu niende kwa mzee wa chumba cha pili. "Shikamoo babu, mama anaomba umchinjie." Mama ni Mkristo, kuchinja anajua vizuri tu. Ila alitaka pilau liliwe na nyumba nzima. Ramadhani bakuli letu lilikuwa likirudi na muhogo wa nazi, la moto, nalibeba kwa pindo la shati. Ungemwambia yule mzee kwamba anatuvumilia, angekufukuza barazani.

Wakati wa kutoa zawadi nilimwinamia bwana harusi. "Shemeji, ile -ana umeisikia?"

Akainua uso kutoka kwenye simu. "Nani?"